Mbwa Uliyeniomba

Bariadi, Jumapili

Dada yangu Eliza,

Kamwene. Huku nimezoea kujibu "mwadila" kila nikipita njiani, hata salamu ya kwetu inanitoka kwa shida. Makete mnaendeleaje? Kifua cha mama kimepoa? Sisi miili ni mizima, ila kuna jambo nimeshindwa kukuambia kwa simu wiki mbili sasa. Kila ukiuliza, "Mbwa wangu hajambo?" nasingizia mtandao.

Bruno amekufa, dada. Nimemuua mimi.

Unajua nilivyompata. Yule mhandisi mgeni aliyepanga jirani alipomaliza kazi ya barabara alituachia. Kwao ni mbwa wa kuchungia kondoo, mkubwa kama ndama, manyoya yamemfunika mpaka macho. Mama Furaha hakumtaka ndani. Baada ya mwezi ndiye aliyekuwa akimchana kila Jumamosi, tena kwa chanuo lake mwenyewe. Kondoo hakuwa nao, basi akatuchunga sisi. Furaha akitoka kucheza na wenzake, Bruno anawazunguka, anawasukuma kwa kichwa mpaka wote wamerudi uani. Jua likiwa kali analala bafuni sakafuni, anahema.

Pasaka ulisema, "Amani, mlete huku kwenye baridi. Nina kondoo, atapata kazi." Nikakucheka, eti mbwa wa namna hii alale zizini! Ukweli ni kwamba nilipenda watu wanavyosimama kututazama.

Sasa mwalimu mwenzangu, Masanja, akatualika kwao Nkoma. Nikamchukua Bruno nikamwonyeshe. Tulifika saa saba mchana, ng'ombe wa baba yake wanatoka kunywa maji lamboni. Bruno alisimama, akatetemeka, akachomoka. Hakuna aliyemfundisha, dada. Alilizunguka kundi zima, anarudisha kila anayechepuka, wala habweki. Watu wakaacha kuchuma pamba, wakaja wanapiga vigelegele.

Baba yake Masanja akaniambia, "Mwalimu, mwite. Huyo amevaa blanketi."

"Mwache kidogo, mzee, anafurahi."

Furaha akanivuta shati. "Baba, anayumba."

Nikamwambia asubiri. Nilikuwa narekodi video.

Alianguka katikati ya ng'ombe. Tulimmwagia maji ya lambo ndoo kwa ndoo, mzee mwenyewe amemshika kichwa. Hakuinuka. Mzee hakunilaumu hata kwa neno moja. Alichukua jembe, akasaidiana na Masanja kuchimba pembeni mwa shamba. Afadhali angenitukana.

Video bado ninayo. Sijathubutu kuifungua, na kuifuta nimeshindwa.

Nisamehe, dada. Ulimwombea mahali pazuri, nami nikamnyima kwa ajili ya sifa. Mama Furaha chanuo lile hajaligusa tena, amenunua jingine. Mama usimweleze yote, mwambie tu mbwa alizidiwa na joto. Msalimie sana, na shemeji, na yule kitinda mimba wako ambaye bado sijamwona.

Furaha alikuwa hanisemeshi. Jana jioni ndipo alipokuja mezani nikiwa nasahihisha madaftari.

"Shangazi ameshajua?"

"Bado, mwanangu."

Alinisogezea daftari lililofuata, kisha akasema, "Ukimwambia, mwambie kazi alikuwa anaiweza."

Alikuwa anaiweza, dada.

Mdogo wako,
Amani