Mtoto Amesifiwa Bila Kutemewa Mate

Baba Naserian,

Supai. Hata nikiwa huku ng'ambo kwa binti yako nakusikia ukijibu "epa" na kukohoa juu yake. Macho yako je? Ng'ombe wanapata maji, ama mnawazungusha kwa nyua za watu pale Kitengela? Mimi ni mzima. Niko na soksi tatu kila mguu na zile sweta mbili za Mama Halima, moja juu ya nyingine, na bado baridi inapekua mifupa yangu kama mtu aliyepoteza sindano. Mto wa huku umekuwa mgumu pembeni mpaka bata anatembea juu ya maji.

Anayeandika ni Naserian mwenyewe, kwa sababu mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Nimemwambia aandike vile nasema, hata pale hataki.

Siku ya kuondoka uliniambia, "Uliza Naserian ataleta mtoto lini nimpe jina." Nimeuliza mara tatu. Mtoto ana miezi saba na jina la karatasi ya hospitali peke yake. Mara ya kwanza akasema tutaona. Mara ya pili, safari ni ndefu. Ya tatu nikambana jikoni, ukweli ukatoka: "Mama, Baba akimbariki atamtemea mate usoni. Tena na ugoro mdomoni." Si ni nesi sasa? Anajua vijidudu kwa majina kama wewe unavyojua ng'ombe. Nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Sasa sikia mambo ya Jumamosi. Kuna kikundi cha akina mama wageni, tunakunywa chai pamoja na kufundishwa Kiingereza. Wakatupeleka makumbusho ya mji, halafu tutembee kando ya mto. Naserian alikuja na mtoto, na mlangoni akanishika mkono. "Mama, leo usiniaibishe." Nikamwambia aibu yangu iliisha siku nilimzaa nyuma ya lori la mchanga, wanaume wakijifanya kuangalia vilima vya Ngong.

Ile nyumba imejaa vitu vya wafu ndani ya vioo. Nyungu, mikuki, meno. Na hakuna kinachouzwa. Mara nikaona kibuyu cha maziwa, chetu kabisa, na mkanda wake wa shanga. Nikamwita Naserian. Akaweka pua karibu na kioo, akasema polepole, "Hakinuki moshi." Kitanuka vipi, na hakuna aliyekisafisha kwa kijinga cha moto tangu mimi niote meno?

Hapo hapo Eleni, nyanya Mgiriki wa kikundi chetu, akainamia kigari cha mtoto akaanza kusifu. Naserian ananitafsiria: macho mazuri, mashavu mazuri, mtoto hana mfano. Akasifu, akasifu, akafunga mdomo. Hakutema! Baba Naserian, mtoto wetu asifiwe hivyo na aachwe mkavu, kijicho kimwingie? Nikamwambia, "Tema!" Hakuelewa. Nikamwonyesha: "Ptu! Ptu!" Nyumba nzima ikajibu ptu, dari yao iko juu kama mawingu. Askari akaja mbio akasimama kati yangu na kioo, akidhani nataka kutemea kibuyu. Mimi! Kibuyu!

Naserian akageuza kigari akatoka bila neno.

Nilimfuata mpaka kando ya mto. Hata mgongo wake ulikuwa umekasirika. Niliteleza kwa barafu, asigeuke. Nikajua nimeharibu, jina la mtoto nimelizika mimi mwenyewe. Nyuma naye Eleni anakuja akihema. Nikasema basi, huyu anakuja kumalizia. Akamwambia Naserian maneno mengi, na Naserian akasimama.

"Anasema nini?"

"Anasema hata kwao mtoto akisifiwa anatemewa mara tatu. Aliogopa askari." Akamfunika mtoto shingo. "Anasema amekaa huku miaka mingi akiyameza mate hayo."

Eleni akashusha skafu, akainama. "Ftu, ftu, ftu!" Mate madogo, ya heshima. Mtoto akacheka mpaka kofia ikaanguka. Naserian akacheka pia, halafu kicheko kikageuka kilio, ameshika kigari kwa mikono miwili. Tangu nifike ananiita Mama kama watu wa redio. Hapo akaniita Yeyo, vile aliniita akiwa mdogo. "Yeyo, hata mimi nimeyameza." Akanisogezea mwenyewe paji la uso la mtoto. Nikambariki. Katika baridi ile, nadhani mate yangu ndiyo kitu pekee kilikuwa na moto.

Msalimie mke mwenzangu, aanze kutengeneza kibuyu kipya na akitie moshi vizuri. Mama Halima wa duka la nguo mwambie sweta zake zinanirudishia uhai. Ndugu yangu wa Magadi aache kulalamikia joto, aniwekee debe moja. Na mwalimu anayekusomea asiruke neno.

Sasa la mwisho. Naserian amesema liandikwe, na analiandika mwenyewe: mvua ndefu zikiisha tunakuja, sisi watatu, umpe jina. Sharti ni moja, uache ugoro kuanzia leo. Na wewe mzee, acha kutema ovyo huko na wenzako. Hayo mate yatunze, yana mwenyewe.

Mkeo mkubwa,
Mama Naserian