Kufuli la Nyumba ya Bugarama

Ngokolo, Shinyanga

Mdogo wangu Salome,

Marahaba, ingawa shikamoo yako haijanifikia tangu tuhame Bugarama kupisha mgodi.

Huku mvua zimeanza vizuri. Mjukuu wetu Limi amefungua karakana. Anasafisha nozeli za malori, vile vijibomba vya kupulizia dizeli kwenye injini, kwa mashine ya maji yanayotetemeshwa na sauti ambayo sikio halisikii. Nilimpelekea lile kufuli la shaba la nyumba ya baba, limegandwa na udongo, nikamwambia alitumbukize pamoja na nozeli.

Akacheka. "Babu, unataka nilibabue? Dawa ya nozeli ni kali, shaba itageuka nyeusi. Hili linataka sabuni laini na maji ya vuguvugu, tena kwa muda mfupi."

Alipolitumbukiza, udongo wa kwetu ukatoka kama moshi. Wateja walisogea kutazama, nami nikamwambia kila mmoja kwamba fundi huyu ni damu yangu.

Kufuli linang'aa, lakini hatujui kama linafunguka. Ufunguo ulibaki nao wewe, siku ile ulipokataa kupanda lori pamoja nasi. Mlango wa karakana ya Limi bado haujapata kufuli.

Ulete mwenyewe.

Kaka yako,
Masalu