Sauti za Neema

Mwanangu Debora,

Marahaba. Najua ukiuona mwandiko wangu huu wa kupinda umeshaniamkia kabla hujasoma. Hujambo? Na bibi yako, miguu imepungua kuvimba? Mimi huku Babati mwili ni mzima, bado napika kwenye mgahawa hapa Maisaka, ila moyo haujatulia. Ni kwa ajili ya mdogo wako. Kwenye simu siwezi kuyasema, kuta hizi zinasikia, ndiyo maana nimeandika.

Unajua Neema alivyo na kusoma. Mwalimu wake alimwazima kitabu chake mwenyewe, hadithi ya nchi ambayo Mkuu wake amekataza vitabu, askari wanapita nyumba kwa nyumba wakivichoma. Mimi na darasa langu la tatu ningekimaliza lini? Basi jioni nachambua maharage ya kesho, yeye ananisomea. Na hasomi hivi hivi, anageuza sauti. Bibi kizee wa humo kitabuni ana ya kwake, na yule Mkuu anamtolea sauti nzito ya kifuani mpaka nywele zinanisimama. Tulicheka sana, mwanangu.

Kumbe Mama Eliza, mpangaji wa chumba cha pili, anasikia. Alisikia binti akisema kwa sauti ya kiume, leteni moto, kisibaki hata kimoja. Akaenda kuwaambia wenzake wa kikundi cha maombi kwamba Neema ana pepo.

Jumamosi wakaja. Kawaida yao, kilichomleta pepo lazima kichomwe uani, iwe hirizi, iwe nini. Nikawaeleza kwamba ni hadithi tu. Neema naye akafungua ukurasa wenyewe awaonyeshe, akawasomea kwa sauti ileile, akidhani wataelewa. Wakarudi nyuma wote.

Mama Eliza akasema, "Mmemsikia wenyewe. Ndiye huyo."

Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia, mama, kichomwe au uhame. Walikichoma kwenye jiko langu la mkaa. Kitabu kikifungwa hakishiki moto upesi, wakawa wanachana kurasa. Neema hakulia. Aliomba tu asome ule wa mwisho kwanza, wakakataa.

Nilikwenda kumwomba radhi mwalimu. Hakugomba. Aliuliza tulikuwa tumefika wapi, nikamwambia pale bibi kizee anapoficha kitabu kwenye pipa la unga. Akasema haazimi tena mtu kitabu.

Sasa kila Jumamosi wanakuja kumshika kichwa, na shuleni wenzake wanamkimbia. Jana nikampa Biblia anisomee. Mungu na nyoka aliwapa sauti moja, kama mtu anayesoma bei dukani.

Kwa hiyo namleta nyumbani, Ijumaa nitampandisha basi. Msalimie sana bibi yako, na mjomba wako fundi baiskeli, mwambie ampokee stendi. Shangazi yako wa kwaya msalimie pia, ila haya usimwambie.

Akifika usimwambie asome. Mpe chakula, mwache alale. Siku ukisikia sauti nzito ya kiume chumbani, usiite mtu, na bibi akishtuka mtulize. Kaa karibu naye umsikilize. Halafu niandikie, usipige.

Mimi mama yenu, ninayewaombea kimya kimya,
Mama Debora