Mke Wangu Anakunywa Mkebe, na Mimi Ndiye Mpishi

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi nirudishie, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi ndiyo siku ambayo ama nitabaki na mke ama nitabaki na sufuria.

Mimi ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni, na sijisifu, lakini meneja mwenyewe hupanga foleni na sahani mkononi kama vibarua, na hata mke wangu nilimpata kwa mapishi, yeye ni dereva wa basi la wafanyakazi, akawa anasingizia kusubiri watu wa zamu ili tu apate mchuzi wangu, tukazoeana, tukaoana, na tangu siku hiyo mimi nilikuwa na uhakika wa kitu kimoja tu hapa duniani, kwamba yule mwanamke akila nilichopika roho yake inatulia.

Halafu tumbo likaanza. Likamuuma, likamharisha, akakonda mpaka suruali ya sare akawa anaifunga kwa pini, akawa anajua vyoo vyote vya njiani kuliko bwana afya, kuna kituo cha mafuta mpaka wakamchongea ufunguo wa choo wake mwenyewe. Tuliambiwa minyoo, tukaambiwa vidonda vya tumbo, tukaambiwa ni mawazo, mpaka daktari mmoja akampima kwa kamera akasema ni ugonjwa unaoitwa Crohn, nimeuandika kama ulivyo kwenye karatasi yake, kwamba kinga ya mwili wake yenyewe inaushambulia utumbo, unavimba na kutoka vidonda, hauambukizi, na hauponi moja kwa moja ila unaweza kutulizwa. Mimi nikashukuru, nikasema sasa adui kajulikana, nikanunua kisu kipya nikisubiri kuambiwa nimpikie nini.

Nikaambiwa nisipike.

Nisipike, mshauri! Mtaalamu wa lishe alisema pamoja na dawa zake, kwa wiki sita mke wangu hatakula chakula chochote, atakunywa tu unga maalumu wa mkebe uliokorogwa kwa maji, una kila kitu mwili unachohitaji, ili utumbo upate nafuu na uvimbe ushuke. Niliuonja. Ni kama mtu amesuuza ubao wa shule akakuletea maji yake. Na kilichoniuma si kwamba mkebe ulishindwa kazi, kilichoniuma ni kwamba uliiweza, maana hazikupita siku nyingi maumivu yakapungua, mashavu yakarudi, akawa anaosha basi lake huku anaimba. Yaani mimi nimemlisha miaka yote hiyo akakonda, mkebe umemlisha juzi tu kanawiri.

Hapo shetani akanipitia. Kwenye simu yake kuna mtu kaandikwa "Lishe", kila asubuhi anauliza, "Umeamkaje? Tumbo limetulia?" naye anajibu, "Limetulia, asante, umenirudishia maisha." Nilijua ni yule mtaalamu, lakini nilikuwa sijamwona, na kichwani mwangu alikuwa na kifua kipana na manukato. Basi nikaomba ruhusa kazini nikamfuata mke wangu kliniki, nikakaa kwenye benchi nimejifunika gazeti, gazeti lenu hilihili, akaja muuguzi akaniuliza, "Baba, wewe ni wa choo?" nikaitikia ndiyo bila kujua nakubali nini, nikapewa kikopo. Mlango ukafunguliwa. Akatoka mke wangu na mama mtu mzima, miwani imening'inia kwa kamba, viatu vya raba, ndiye Lishe mwenyewe. Mke wangu akanitazama, akakitazama kikopo.

"Na wewe unaumwa?"

"Napima tu," nikasema, "mambo ya kawaida."

Yule mama akanigusa bega. "Usione haya, baba. Jina andika kwenye kifuniko."

Mshauri, ningefurahi kama angekuwa mwanaume wa manukato, ningejua wa kugombana naye. Unagombanaje na mkebe? Sasa, kwa kuwa mke wangu hutoka mapema, mimi ndiye ninayemkorogea ile chupa ya kwenda nayo kazini, na jikoni kwangu hakijawahi kutoka kitu bila kiungo, nikaweka iliki kidogo ili asinyanyasike na ile ladha, kesho yake nikaongeza mdalasini, halafu nikaona ni chepesi nikasagia karanga, halafu karanga ikaomba pilipili manga, na mimi namwona anavyokunja uso akinywa nikadhani anaanza kuipata ladha.

Tumbo limerudi kwa hasira. Juzi alisimamisha basi limejaa watu akakimbilia duka la rangi kuomba choo, wafanyakazi wakachelewa zamu, kapewa onyo la maandishi. Yeye anaamini mkebe umeshindwa, kamweleza mtaalamu, mtaalamu kamweleza daktari, na daktari anataka Alhamisi wakae waamue, na ametaja kisu, si kisu changu mshauri, kisu cha upasuaji. Nikisema ukweli ataniacha, nikinyamaza atapasuliwa. Je, hakuna njia ya tatu, labda niache viungo kimyakimya, apate nafuu, iwe siri yangu na Mungu? Nisaidie, silali, kazini juzi nilitia sukari kwenye maharage na meneja akarudisha sahani.

Mimi, Mpishi Asiye na Mlaji

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu mpishi, njia ya tatu haipo, na nilikwambia hivyo kwa mdomo. Barua yako ilinifikia Jumanne, na ukurasa huu hutoka Jumapili, kwa hiyo kama ningesubiri mtambo wa kuchapa, mkeo angeingia kwa daktari na uongo wako tumboni. Nashukuru uliandika namba ya simu. Yaliyofuata nayaweka hapa kwa ruhusa yenu wote wawili, kwa sababu majikoni wapo wengine kama wewe.

Nilikupigia jioni ileile, nikakuuliza, "Leo asubuhi umetia nini?"

Ukanijibu, "Iliki tu, mshauri. Kidogo."

Ulikuwa bado unatia! Umeniandikia kurasa nne za majuto na mkono ukiwa kwenye iliki. Sijawahi kumfokea msomaji kwenye simu, siku hiyo nilikufokea, na sijutii.

"Mkeo yuko wapi?"

"Sebuleni, anapiga pasi sare. Nitamwambia kesho nikitoka..."

"Mwambie sasa hivi. Simu usiikate."

Nikasikia ndala zako zikiburuta. Nikakusikia ukisema, "Mwenzangu, ile chupa yako... mimi nilikuwa naweka viungo." Nikasikia pasi ikiwekwa chini. Akauliza viungo gani. Ukavitaja, ulipofika kwenye karanga sauti ikashuka, pilipili sikuisikia kabisa. Halafu yeye akasema maneno ambayo nataka uyakumbuke kila ukishika mwiko: "Kwa hiyo si mwili wangu? Mimi nimelia siku zote hizi najua mwili wangu umekataa hata maji ya unga. Nimeshamwomba dada aje kulala nami hospitali."

Wewe ulikuwa unahofia kuachwa. Yeye alikuwa amekwisha kujiandaa kupasuliwa, na hakukwambia ili usiumie. Pima mwenyewe nani kati yenu alikuwa anambeba mwenzake.

Kisha akacheka, namshukuru Mungu kwa wanawake wanaoweza kucheka. "Nilimwambia mama wa lishe kwamba mkebe unanukia iliki," akasema, "akaniambia huenda ni pua. Nimeandikiwa nikapimwe pua!" Akakunyang'anya simu akaniuliza mimi ni nani. Nikajitambulisha. Akasema, "Sawa, mshauri. Huyu nampenda, lakini jikoni haingii mpaka Alhamisi."

Alhamisi mlikwenda pamoja. Mkeo ameniambia ulisema mwenyewe mbele ya daktari bila kusukumwa, na kwamba yule mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akakutazama upya. Hapo nakupa heko, haikuwa rahisi. Vipimo vimerudiwa, habari ya upasuaji imewekwa pembeni kwanza, dawa zinaendelea, na mkebe unaanza upya, mtupu. Hakuna aliyewaahidi kwamba yote yatanyooka, nami siwaahidi. Kama ni karanga zilizomchafua au ni ugonjwa wenyewe ulioamka, mimi sijui, na wewe hujui. Ndiyo maana daktari lazima ajue kila kilichopita kinywani mwa mgonjwa. Ukimficha, anatibu mtu mwingine.

Na ninyi wasomaji mnaoumwa matumbo, msikimbilie dukani kununua mikebe mkajifungia ndani. Tiba hii inasimamiwa na wenye kazi yao, na Crohn ya huyu si ya yule. Nendeni mkapimwe.

Narudi kwako, mpishi. Mkeo amenieleza jambo ambalo barua yako haikulitaja. Tangu aanze mkebe, wewe unakula umesimama kwenye sinki, umempa mgongo, haraka haraka kama mwizi wa maandazi. Unadhani unamstahi. Yeye anakaa mezani peke yake na bilauri yake, saa ambayo zamani mlikuwa mnasimuliana ya kiwandani na ya barabarani. Hajasema anatamani mchuzi. Amesema nyumba imekuwa kimya. Muulize kama harufu inamsumbua, na kama haimsumbui, beba sahani yako ukakae mbele yake, mwambie nani kagombana na nani kwenye foleni. Kama inamsumbua, kula mapema, kisha kakae hivyohivyo mikono mitupu.

Chupa ya asubuhi atakoroga mwenyewe mpaka atakapoamua vingine. Usinune. Utakaa chini na yule mama, utamwomba akufundishe, kwa sababu wiki za mkebe zikiisha vyakula vitarudi kimoja kimoja, na atahitajika mtu wa kuvipika bila kuongeza la kwake. Wewe unajua moto, unajua kulainisha kitu mpaka kiyeyuke mdomoni. Kazi hiyo ni yako kuliko ya mtu yeyote, ukikubali kuambiwa.

Utaambiwa upike, tuseme, kiazi. Kimenywe, kichemshwe, kipondwe, basi. Mkono ukianza kwenda kwenye rafu ya viungo, toka nje, zunguka nyumba, urudi. Mpelekee mezani, kaa naye, mwache ale polepole anavyotaka. Na nakuonya mapema, ndugu yangu: usithubutu kumuuliza kama chumvi imekolea.