Abrakamu ya Vinundu Vifupi

Papa,

Nimeshinda! Naanza hapo kwa sababu wewe hukuvumilia salamu ndefu mtu akiwa na habari. Gari letu jekundu, lile uliloliacha injini wazi, limepanda kilima mbele ya watu wote, na garaji ni yangu.

Ulifariki bila kusema nani ashike funguo. Ndugu yako akatamka kwamba mwanamke hawezi, apewe Justin, mwanafunzi wako. Nilikataa kwa makelele, unanijua. Mwisho akachoka, akaamua kila mmoja atengeneze gari la turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, na atakayetangulia kufika juu ya kilima achukue garaji.

Kisha vita vikafika. Siku tuliyoukimbia mtaa wetu wa Katoyi, kwenye rafu yako zilikuwa abrakamu mbili, ile mihimili ya vinundu inayofungua vali za injini. Moja ya vinundu virefu, inayoacha vali wazi muda mrefu, uliyopenda kuipangusa na kuitazama tu. Nyingine ya vinundu vifupi, uliyoiandalia gari letu. Niliweza kubeba moja tu. Niliifunga hiyo ya vinundu vifupi mgongoni kwa kitenge, na mama mmoja njiani akaniuliza mbona mtoto halii. Nilicheka, Papa, huku mabomu yakilia nyuma yetu. Halafu nikalia mimi mpaka mtaa wa Majengo.

Tuliporudi, gari lilikuwapo, vumbi tupu. Ile ya vinundu virefu Justin alikuwa ameichukua na kuifunga kwenye gari lake. Sikumlaumu, niliiacha mwenyewe. Yangu nikaifunga kwenye gari letu.

Siku ya mashindano gari lake lilinguruma kwa kukatakata hata likiwa limesimama, na vijana wakashangilia. Langu lilitulia. Justin akanichungulia dirishani: "Dada Kavira, moteri yako iko nalala?"

Niliogopa. Nakwambia ukweli, niliona garaji inakwenda. Ndipo nikakukumbuka siku ile ya upepo, umesimama kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, vumbi likipita katikati ya nyumba: "Mutoto, turbo iko napuliza yenyewe. Ukiacha milango yote mbili wazi muda murefu, pumzi inaingia huku, inatokea kule."

Nikakanyaga. Gari lake lilipiga kelele likabaki linasubiri turbo yake iamke. Langu lilivuta palepale, kuanzia chini. Debe tupu haliachi kuvuma! Karibu na kilele alipata nguvu kweli, nikamwona anakua kwenye kioo, lakini kilima kilikuwa kimekwisha. Nilishuka nikapiga vigelegele peke yangu kabla watu hawajaanza.

Asubuhi yake Justin alikuja na abrakamu yake imeviringishwa kwenye gazeti. Akasema, "Fundi, unionyeshe." Fundi, Papa! Nimemkubali, nami nakuahidi nitamfundisha bila kinyongo, na sitamfungia mteja kitu kwa ajili ya kelele.

Ndugu yako alitaka mchoraji afute maandishi ukutani, aandike jina la mmiliki mpya wa garaji. Nikamzuia. Tangu nizaliwe uliitwa kwa jina la mzaliwa wako wa kwanza, na ukutani bado pameandikwa GARAJI PAPA KAVIRA. Jina langu lilikuwa pale siku zote. Lala salama, Papa. Halifutwi hata herufi moja.

Kavira wako