Kunde za Mama

Jumatatu, 6 Oktoba

Miguu inawaka. Kutwa natandika vitanda vya wageni hotelini, jioni naanza kupanga vitu kwangu. Mama amehamia hapa Voi tangu aanguke kule mlimani Mbololo na mkono wake wa kushoto ukalegea. Chumba na jiko, watu wawili, magunia yake kila mahali. Vyombo nimevipandisha juu, nguo nimezitia kwenye masanduku. Panapendeza.

Jumatano, 8 Oktoba

Analalamika joto. Eti hapa hajui kitu kiko wapi. Anataka kurudi mlimani. Arudi kwa nani? Nimenuna. Yeye pia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Zamu ya mchana. Asubuhi nimevuta debe lililo chini ya kitanda chake. Kunde, zimejaa majivu. Uchafu mtupu. Nimepepeta, nimeosha, nimeloweka za kupika kesho.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeharibu. Zilikuwa mbegu. Majivu ni ya kuzuia wadudu, na mimi nimezaliwa huko huko Mbololo, nilijua hayo tangu utotoni. Hii kazi ya kusafisha imenipumbaza. Alikuwa anangoja mvua ya vuli akazipande kwake. Ameziangalia zimelowa kwenye sufuria, kabla sijazibandika motoni, akalala akielekea ukutani. Hajala. Nimelia chooni kwa aibu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Amefunga mizigo. Kwa mkono mmoja. Naogopa. Akianguka tena kule, hakuna wa kumwinua.

Nimemwendea jirani, Mama Akinyi, mke wa fundi wa reli. Hulima mboga za sukuma nyuma ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga kwa maji ya kuogea. Amenicheka, kisha akanipa kipande cha bustani yake na jembe. Mbegu zikishalowa hazingoji mvua. Nimemtolea Mama kiti nje.

"Mashimo gani hayo, unazika mbuzi?"

Maneno yake ya kwanza tangu jana. Nimechimba upya na kuzipanda, yeye akielekeza. Mizigo bado imefungwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Zimechomoza. Si zote. Mama ametoka mwenyewe kuzitazama, ameshika ukuta. Amewafukuza kuku wa Mama Akinyi na kuwatukana kwa Kidawida chetu cha mlimani. Leo hajautaja mlima. Nami sijauliza.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimerudi kutoka kazini nikakuta mizigo imefunguliwa. Vyombo vyote vimeshushwa, viko pale mkono wake unapofika. Nimetafuta chumvi jikoni mwangu mwenyewe, sikuiona. Ikabidi nimuulize. Akanionyesha kwa kidevu, akaendelea kuchambua mchele.