Mpaka Mtoni

Jumatatu, 3 Rajabu
Mvua. Kitambaa cha merikani kimeuzika kidogo dukani kwangu. Kagaruki, mjumbe wa Mukama, mfalme wa hapa, amerudi toka kambini kule mtoni, ambako Mdachi na Mwingereza wanagawana nchi na yeye anasikiliza kwa niaba yetu. Kavaa kofia mpya ya Kizungu. Siipendi kofia ile.
Binti yangu Zena ameolewa ng'ambo ya mto. Wakifunga kivuko, nimempoteza.

Alhamisi, 6 Rajabu
Baraza la wazee limemwita Kagaruki. Nilipeleka chumvi, nikasahau kuondoka. Kagaruki akagoma kusema. Eti mazungumzo bado, yakiisha tutaambiwa.
"Yakiisha utatuambia nini, poleni?" akauliza mzee Bitegeko.
Baraza zima kicheko.

Ijumaa, 7 Rajabu
Wazee wamemnyima Kagaruki buni ya kahawa. Hapa mjumbe hasafiri kabla hajatafuna buni na wazee. Asiyetafuna hakutumwa na mtu. Kikapu kilizunguka, kikamruka. Nimefurahi kuliko inavyofaa siku ya Ijumaa.

Jumamosi, 8 Rajabu
Kagaruki amelegea. Kasema Mdachi ametamka kwa Kiswahili, "Mpaka mtoni." Akawafasiria kwa Kinyambo: ng'ombe wetu watalisha hadi kwenye maji. Wazee wakaridhika. Kikapu kikaanza kumwendea.
Nilikuwepo, nimepeleka chumvi tena. Mpaka ni hadi, lakini mpaka ni kigingi pia! Nikamnong'oneza Bitegeko.
"Wee Kagaruki," akapaza sauti, "hiyo mpaka yako ni ya kufikia au ya kukomea?"
Akakiri hakuuliza.
"Na kofia je, uliuliza bei?" Bitegeko akaongeza.
Kikapu kikarudi kilikotoka. Wameamua Bitegeko aende naye, akaulize mwenyewe. Hapo ndipo wakampa buni, punje moja tu. Ya njiani.

Jumapili, 16 Rajabu
Wamerudi! Kilikuwa kigingi kweli. Mto ungefungwa, mtu asivuke. Bitegeko kawauliza Wazungu swali lile lile, asubuhi na jioni, hadi wakachoka naye. Kigingi kitakaa, ila kivuko ni wazi kwa watu na ng'ombe, pande zote mbili. Wazungu wametamka hivyo mbele ya mashahidi.
Ngoma mji mzima, rubisi, pombe ya ndizi, mitungi kwa mitungi. Kagaruki anacheza kuliko wote, utadhani alishinda yeye. Mwache. Mimi sinywi, lakini leo nilipepesuka.
"Mswahili," Bitegeko kaniambia, "lugha yenu ina mitego."
Nikamjibu ndiyo maana tunaishi kwa biashara.

Jumanne, 18 Rajabu
Zena amevuka asubuhi. Miguu tope tupu. Kala, kalala chumba cha ndani.
Wateja nawahudumia kwa sauti ya chini.